Nilimkalisha mbele, kumbe nimemuweka kwenye mwanga

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, kijijini huku kanda ya ziwa. Shule siitaji kwa sababu bado nipo humohumo, na majina ya watoto nimebadilisha yote. Juzi kuna mwalimu kijana kapangiwa kwetu, hana hata mwezi, kanikuta chini ya mwembe nasahihisha akaniuliza, kaka, hawa watoto wenye mahitaji maalumu unawafundishaje kwenye darasa la watu mia na kitu? Nikaanza kumjibu nikaona jibu ni refu, alafu sehemu kubwa ya jibu lenyewe ni vitu nilivyoharibu mwenyewe kabla sijajua. Kwahiyo nimeona niandike tu.

Niliajiriwa 2014. Chuoni elimu maalumu tuliisoma kama mada moja hivi, nakumbuka ilikuwa orodha, wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili, wenye ulemavu wa viungo, na karibu kila mmoja mbele yake kumeandikwa "akae mbele". Tukakariri, tukafanya mtihani, tukafaulu. Yani mkakati niliotoka nao chuo ulikuwa huo mmoja, akae mbele.

Alafu ikaja elimu bila malipo Januari 2016. Wazazi walileta watoto wote, hata wale waliokuwa wanafichwa ndani, na hilo ni jambo jema kabisa sitaki mtu anielewe vibaya, ila vyumba vilibaki vilevile na walimu tulibaki walewale. Wale wa 2016 walipoingia darasa la pili 2017 nikakabidhiwa mimi, watoto 138 chumba kimoja. Kipindi ni nusu saa. Siku moja nilipiga hesabu, ukigawa nusu saa kwa watoto 138 kila mtoto anapata sekunde 13. Sekunde 13 hata kamasi huwezi kumfuta.

Humo ndani alikuwepo Nyamizi.

Nyamizi ana ualbino. Mnaojua huku kwetu mnajua miaka ile ilivyokuwa, watu wenye ualbino walikuwa wanawindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, mtoto kama yule kutoka nyumbani peke yake ilikuwa hofu, baba yake alikuwa anamleta kwa baiskeli na kumfuata, na kuna ndugu walikuwa wanamshauri ampeleke Buhangija kule Shinyanga akakae bweni na wenzake lakini mama yake akasema mwanangu atalala kwangu. Kwahiyo nilipompokea nilijiona nina jukumu zito, nikafanya kile nilichofundishwa, nikamkalisha dawati la mbele kabisa, upande wa dirishani ili apate na hewa. Nikaona nimemaliza.

Asubuhi anaanza vizuri, ikifika kipindi cha pili analaza kichwa kwenye dawati. Daftari lake mstari mmoja na nusu. Nikimuuliza ananyamaza. Kwenye ripoti ya muhula niliandika kwa mkono wangu "anasinzia darasani, aongeze bidii". Hiyo ripoti hadi leo mama yake anayo, aliwahi kunionyesha, tukacheka lakini mi sikucheka sana.

Kuna kitu kilikuwa kinajirudia na sikukishika. Siku za mawingu, hasa ile Novemba mvua zinapoanza, Nyamizi anamaliza kazi. Mara ya kwanza nikadhani kanakili kwa jirani. Mara ya pili nikamsifia mbele ya wenzake, mnaona, akiamua anaweza. Dah.

Aliyenifungua macho ni madam mmoja aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine, yeye alisoma Patandi, kile chuo cha ualimu elimu maalumu pale Tengeru Arusha. Alikuja kukaa darasani kwangu kipindi kimoja tu. Hakukaa nyuma kama wanavyokaa wakaguzi. Alimuomba Nyamizi asogee akajibana kwenye lile dawati la mtoto, magoti yamegota kwenye ubao wa juu, akakaa kimya dakika kama kumi. Nilipomaliza akaniambia, mwalimu, njoo ukae hapa nilipokaa mimi. Nikakaa. Akaniambia soma ubaoni.

Sikuona kitu. Mi macho yangu mazima kabisa, nimekaa mita mbili kutoka ubaoni, na sisomi hata herufi moja. Ubao wetu ulikuwa umechakaa umekuwa kama kijivu unang'aa, na jua la asubuhi linapita kwenye lile dirisha linaupiga ubavuni, ukikaa pale unaona weupe mtupu kama bati. Na mimi nilikuwa nimechukua mtoto ambaye macho yake hayavumilii mwanga mkali nikamuweka hapohapo, kwa upendo wote.

Madam hakunisema vibaya. Alisema tu, daftari lake unalikagua kila siku, kiti chake hujawahi kukikagua.

Tulichofanya wala hakikuhitaji mfadhili. Nyamizi tulimhamishia safu ya pili upande wa ukutani, mwanga umpitie mgongoni usimpige usoni. Ubao tuliupaka upya. Zamani tulikuwa tunasaga mkaa wa betri mbovu za redio tunachanganya na majani, watoto ndo wanasaga, sa hivi hiyo sishauri kabisa maana ile ni sumu na wanashika kwa mikono, mwalimu mkuu alinunua rangi ya ubao kopo moja na likatosha vyumba viwili. Nikaanza kuandika herufi kubwa na maneno machache, na kila ninachoandika nakitamka kwa sauti wakati naandika. Zamani nilikuwa naandika ubao mzima kimya nimewapa mgongo, alafu nageuka nasema nakilini. Na Nyamizi akapewa ruhusa ya kunyanyuka muda wowote kwenda kusoma ubaoni kwa karibu bila kuninyooshea kidole. Wiki ya kwanza wenzake walikuwa wanazomea kidogo, wiki ya pili nikaona kuna wengine watatu nao wanaenda ubaoni wanakodoa macho, kumbe na wao hawaoni na hawakuwahi kusema. Hao watatu wana ngozi nyeusi kama mimi, nani angewajua?

Kitu kingine, alikuwa anashika kitabu karibu na pua. Mi nilikuwa namkataza, nashusha kitabu chini, utaharibu macho wewe. Madam akasema muache, hajiharibu, kusogeza karibu ndo namna yake ya kukuza maandishi. Nikaacha. Nilikuwa namnyang'anya miwani yake ya asili.

Kofia ilileta vita. Mwalimu wa zamu mstarini anamwambia toa kofia hapa ni shuleni, mtoto anatoa, anachomeka na jua la saa nne akihesabiwa namba. Mwalimu mkuu ilibidi asimame mbele ya shule nzima aseme kofia ya Nyamizi ni sawa na sare. Zile losheni za kukinga jua za Kilisun zinazotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi mama yake alikuwa anazipata kliniki, lakini losheni bila kofia ni kazi bure kwa jua la huku.

Hapo nirukie mbele kidogo nimalize habari ya Nyamizi maana kuna kosa jingine. Alipofika darasa la nne, upimaji wa kitaifa, NECTA, yani Baraza la Mitihani, wanatoa karatasi za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu na nukta nundu kwa wasioona. Lakini shule lazima imuonyeshe mtoto kwenye usajili kwamba ni mwenye uoni hafifu, haziji zenyewe. Sisi hatukujaza. Siku ya upimaji kaletewa karatasi ya kawaida ile ya herufi za sisimizi. Alifaulu kwa kubahatisha na kwa kichwa chake, sisi hatukumsaidia chochote. Darasa la saba, 2022, nilienda mwenyewe ofisini nikasimama nyuma ya mwalimu anayejaza mpaka nikaona imeingia. Akapata karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine. Walimu wenzangu, hiyo haki ipo, nendeni mkaangalie usajili kabla haujafungwa, msisubiri wiki ya mtihani. Nyamizi yuko sekondari sasa.

Turudi darasa la pili.

Masanja yeye hakuwa na alama yoyote mwilini ndo maana alipata tabu zaidi. Mtoto mwenye ulemavu unaoonekana angalau utamuonea huruma, huyu kila mtu alisema mvivu, mtoro wa akili, na kila afisa elimu kata akitaka orodha ya wasiojua KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, jina la Masanja linaongoza. Lakini siku ya gulio yule mtoto anauza nyanya za bibi yake. Nilinunua mafungu saba ya mia tano nikampa noti ya elfu tano, kabla sijafungua mdomo kanirudishia elfu moja mia tano, na akanigea moja ya nyongeza, shikamoo mwalimu. Jumatatu namuandikia daftarini 5000 kutoa 3500 analiangalia kama namuonyesha kichina.

Kiswahili chetu kinatudanganya walimu. Kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwahiyo tunaamini ukishamfundisha ba be bi bo bu basi kasoma. Masanja ba be bi bo bu anaimba kuliko wote, ana sauti nzuri hata. Siku moja nikaziandika silabi tano kwenye vipande vya manila nikazimwaga mezani nikamwambia nipe bo. Akanipa be. Nipe bu. Akaimba kuanzia mwanzo kimoyomoyo, midomo inacheza, anagusa kadi moja moja kwa mpangilio aliozikuta, na nilikuwa nimezichanganya. Kumbe miaka miwili alikuwa anajua wimbo, herufi zenyewe hazijui.

Na b na d ndo kabisa. Kwa Masanja baba na dada ni mtu mmoja. Nilimchapa kwa hilo, naandika ukweli, nilimchapa kwa sababu ya kuandika "baba anapika" kama "dada anapika", nikidhani ananichezea.

Madam wa Patandi alinipa jina la tatizo, disleksia, yani mtoto ana akili yake nzuri ila kusoma na kuandika kunamgomea, akasema hilo jina tusilitangaze kwa sababu mimi na yeye sio wapimaji, ila tunaweza kumfundisha kama mtoto mwenye nalo, na hata kama hana haitamdhuru. Hiyo nimeishika sana. Nikaanza kujaribu vitu. Kuandika herufi kwenye mchanga kwa kidole huku unaitamka, ile kubwa, mkono mzima unazunguka. Kutembea juu ya herufi niliyochora uwanjani. Kwa b na d nilihangaika sana, mpaka siku moja nikamwambia, angalia, tunaandika tukielekea huku, si ndio? Sasa baba ana kitambi, kitambi kiko wapi? Mbele. Dada kabeba mtoto, mtoto yuko wapi? Mgongoni. Nikachora b kitambi mbele, d mtoto mgongoni. Darasa zima likavunjika mbavu, wakawa wanatembea mapumziko wametoa matumbo, wengine wamebinuka migongo. Masanja baada ya hapo akitaka kuandika b anagusa tumbo kwanza. Hadi darasa la tano nilikuwa namuona anagusa tumbo kwenye mtihani.

Kingine ni dirisha. Nilikata boksi la chaki nikatoboa kijitundu kirefu cha upana wa mstari mmoja, unaliweka juu ya kitabu unaona mstari mmoja tu, unashuka nalo. Masanja aliniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, alisema mwalimu bila hili maneno ya chini yanapanda. Nilitengeneza kumi nikayaweka kwenye boksi dirishani, anayetaka achukue, sikusema ni ya nani. Yaliisha siku hiyohiyo, nikatengeneza mengine. Shule inapata ruzuku ya elfu 10 kwa mtoto kwa mwaka na sehemu ya hiyo hela ni ya vitabu haifiki mkononi kwenu, kwahiyo ukisubiri kununua vifaa utasubiri sana, boksi la chaki lipo kila wiki.

Kosa nililofanya kwa Masanja baada ya kuelewa ni kumkalisha na mtoto anayeongoza darasa. Nilijiona mjanja, mwerevu amsaidie mzito. Ndani ya wiki mbili daftari la Masanja limejaa vema vema vema, mwandiko mzuri, kumbe yule binti anamuandikia, yeye anachonga penseli za wote wawili. Alikuwa mtumishi wake! Nikamhamishia kwa kijana ambaye mwenyewe kaanza kusoma miezi mitatu iliyopita, bado anasoma kwa kugugumia, bado anakumbuka alipokuwa anakwama wapi. Hao wawili walikokotana. Anayejua sana hajui jinsi alivyojua, anakwambia tu "si ndo hivyo". Aliyejua jana anaweza kukuonyesha.

Na nikaacha kumsomesha kwa sauti mbele ya watu kwa kushtukiza. Namwambia Alhamisi, Masanja kesho utasoma mistari miwili hii, kaisome na dada yako leo. Ijumaa anasimama anasoma mistari yake miwili, anakaa, kifua mbele. Hesabu za maneno nikawa namuuliza kwa mdomo kwa lugha ya sokoni alafu tunaandika pamoja alichojibu. Hapo ndo 5000 kutoa 3500 ikawa na maana, anasema kumbe ndo zile nyanya.

Kuhusu makundi pia niseme, maana kila semina wanasema gawa makundi kwa uwezo. Niligawa. Kundi la Simba, la Chui, la Kobe. Siku ya pili tu mtoto wa Kobe kagoma kuja shule. Ungeyaita yote Simba, watoto wanajua, wanajua kabla yako. Sa hivi naweka maswali sita ubaoni, mawili ya kwanza ni ya kila mtu na nahakikisha kila mtu anayaweza, mawili ya kati magumu kidogo, mawili ya mwisho ya kuumiza kichwa, anayefika popote kafika. Wale wanaomaliza mapema hawapewi maswali zaidi ya aina ileile, hiyo ni adhabu, nawapa kazi ya kutunga swali moja la mwenzake. Wakati huo mimi natembea safu moja. Safu moja kwa siku, sio darasa zima. Zile sekunde 13 nikizikusanya kwa safu zinakuwa dakika na kitu kwa mtoto mara moja kwa wiki, na dakika moja ya kumuinamia mtoto ukaangalia mkono wake unavyoandika inakuonyesha vitu ambavyo kusahihisha daftari ofisini mwezi mzima hakukuonyeshi.

Kabula, kwa kifupi. Huyu tulimuita mkaidi. Unamtuma ofisini alete chaki anarudi na ufagio. Unamtuma ufagio analeta rula kubwa, na anakuletea kwa heshima zote, anapiga na goti. Siku nikasimama nyuma yake wakati anachora, nikamuita jina kwa sauti ya kawaida, hakugeuka. Nikaita upande wa kulia akageuka taratibu. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha tangu mdogo, nyumbani wanaliwekea pamba basi. Mama yake nilimuita nikamwambia mama Kabula, hili sikio sio la pamba, twende kituo cha afya, akatibiwa ukakauka lakini usikivu upande ule haukurudi. Darasani kumsaidia ni kumkalisha upande wa kushoto wa chumba ili sikio lake zima, la kulia, lielekee kwangu, kusema nikiwa nimewaangalia na sio nimeongea na ubao, na kila agizo kulisindikiza na mkono. Funga daftari, naonyesha. Toeni vizibo vya kuhesabia, nanyanyua kizibo. Faida yake ikaangukia kwa watoto ambao sikuwalenga, wale wanaotoka nyumbani na Kisukuma kitupu. Walikuwa wanasikia Kiswahili changu kama Kabula anavyonisikia kwa sikio la kushoto.

Hiyo ya lugha ningeweza kuandika peke yake. Mtoto anaandika "kurara" badala ya "kulala" unamkata alama, wakati huku kwetu l na r mdomoni ni kitu kimoja na hata mimi mwalimu wake nikichoka zinanitoroka. Sa hivi kwenye insha namkosoa kwa penseli pembeni, kwenye imla ndo namkata.

Sasa Shija.

Nimeandika yote hayo juu nikijua nitafika kwa Shija. Jina hilo kwa Wasukuma anapewa anayezaliwa baada ya mapacha, mama yake alikuwa na Kulwa na Doto darasa la nne, wazuri kabisa, kwahiyo na Shija alimuandikisha kwa matumaini. Ilikuwa 2018, darasa la pili jingine, watoto 121. Shija haongei sana, akiongea anarudia ulichosema wewe. Haangalii usoni. Anapanga vizibo kwa rangi mstari mrefu hadi mlangoni na ukivuruga analia mpaka anatapika. Kelele ndo zilikuwa zinammaliza. Darasa letu linasalimia kwa pamoja, watoto 121 wanasimama "shikamooo mwaliiimu", bati juu, hakuna dari. Kila salamu Shija anaziba masikio anakimbia nje. Kila mwalimu akiingia salamu, kila mwalimu akitoka asante, kwahiyo kwa siku anakimbia mara nane au kumi.

Mi wakati huo tayari najua habari ya Nyamizi, najua ya Masanja, najiona mtaalamu. Madam wa Patandi alishahamishwa. Na nilichoka, sio kisingizio ila nilichoka. Siku moja amekimbia mara ya sita nikamshika mkono mlangoni nikamchapa viboko viwili. Kanuni zinasema kiboko ni cha mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni, mi sikuwa nimeteuliwa na sikuandika popote. Hakulia. Alirudia maneno yangu, "kaa chini, kaa chini, kaa chini", akitembea kuelekea kwao.

Kesho yake hakuja. Wiki ikapita. Kulwa na Doto nikiwauliza wanasema yupo anacheza.

Nilichotakiwa kufanya nakijua sasa na kilikuwa kidogo kuliko hata rangi ya ubao. Kubadilisha salamu tu. Baadaye nilibadilisha, sa hivi darasa langu likisalimia wananyanyua mkono nami nanyanyua, wakaguzi wanashangaa wanadhani watoto hawana adabu. Kumpa kiti karibu na mlango. Kumwambia kabla, Shija sasa hivi kengele itagongwa. Kumchorea siku nzima kwenye kipande cha manila, hiki kwanza, hiki kinafuata, uji saa nne. Nimeyatumia hayo kwa watoto wawili wengine waliokuja baada yake na wote wapo shuleni.

Mwaka 2019 nilienda kwao. Mama yake alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akanipa kigoda. Nikamuomba msamaha, nikamuomba amrudishe. Aliniuliza, mwalimu, darasa lako sasa lina watoto wangapi? Nikamwambia mia moja na kumi na mbili mama. Akaendelea kuchambua. Akasema, na utakaa naye wewe mwenyewe au? Nikasema nitajaribu. Akasema basi jaribu na hao ulionao, ukiona imewezekana uje uniambie.

Shija sasa ni kijana mrefu kunizidi, anachunga ng'ombe za mjomba wake, tunakutana njia ya mtoni jioni nikitoka kazini. Hanisalimii kwa mdomo. Mi nasimamisha baiskeli, yeye anakuja anapiga kengele yangu mara moja, anaisikiliza mpaka iishe kabisa, alafu anafuata ng'ombe.